Shotigani Fupi ya Pampu Isiyo na Kitako: Namna ya Kuishika na Kulimudu Teke Lake

Maswali yanayonijia kuhusu bunduki hizi yanafanana mno. Mtu aliyeko Marekani kanunua Mossberg 590 Shockwave au Remington 870 TAC-14, kaipeleka uwanjani, kapiga risasi mbili tatu, na sasa mdomo umevimba, kifundo cha mkono kinauma, na karatasi ya shabaha haina hata tundu moja. Anauliza kama bunduki ni mbovu.

Bunduki ni nzima. Tatizo ni kwamba anaishika kama bastola kubwa, au anaiweka kiunoni kama alivyoona kwenye sinema, au ameanza na risasi nzito kuliko zote dukani. Bunduki hii haishindwi kwa misuli. Inashindwa kwa mvutano wa mikono miwili inayokwenda pande tofauti, na mvutano huo usilegee mpaka teke, yaani msukumo wa bunduki inapolia, liishe. Hatua zote hapa chini zinajenga jambo hilo moja.

## Kabla ya yote: sheria

Mwongozo huu ni wa Marekani, kwa sababu huko bunduki hizi huuzwa kihalali kwa raia. Shockwave ina mtutu wa inchi 14 na kidogo, na urefu wake wote ni inchi 26 na ziada. Haikuwahi kufungwa kitako tangu ilipotoka kiwandani, kwa hiyo sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa shotigani iliyofupishwa.

Uhalali huo umesimama juu ya vipimo hivyohivyo. Ukifunga kitako cha begani, au ukibadilisha mpini wa nyuma kwa mfupi zaidi hadi urefu ukashuka chini ya inchi 26, umeingia kwenye makosa mazito ya sheria ya silaha ya mwaka 1934. Usiguse vipimo. Usikate chochote.

Mambo mengine matatu. Dukani lazima uwe umetimiza miaka 21, maana kisheria hii si bunduki ya begani. Majimbo kadhaa, California na New York yakiwemo, yana makatazo yake, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako kabla ya kutoa pesa. Na kama uko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida huruhusiwi kumiliki wala kushika silaha isipokuwa una msamaha unaotambuliwa na sheria, kwa mfano leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hali yake ni tofauti. Hili liulize kwa wakili wa uhamiaji, si kwa rafiki, kwa sababu linaweza kukugharimu makazi yako.

## Vitu vya kuandaa

- Miwani ya usalama inayofunika na pembeni.
- Vizibo vya masikio pamoja na hedfoni za kuzuia kelele juu yake. Vyote viwili. Shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba) hupita desibeli 150, na mtutu mfupi unausogeza mshindo karibu na masikio yako.
- Risasi bandia za mazoezi za geji ileile, zisizopungua tano. Hizi hazina baruti.
- Boksi moja la risasi nyepesi za marisau madogo (marisau ni vile vidonge vilivyomo ndani ya risasi ya shotigani), namba 8 au namba 7 na nusu, za inchi 2 na robo tatu. Tafuta zilizoandikwa kuwa za teke dogo, zenye wakia saba kwa nane za marisau.
- Risasi chache za marisau makubwa ya 00, za aina ya teke lililopunguzwa. Hizi ni za baadaye kabisa.
- Karatasi kubwa za shabaha na kalamu nene.
- Glavu nyembamba zenye kiganja cha ngozi.
- Mtu anayejua bunduki, asimame nyuma yako akuangalie.

Piga simu uwanjani kabla ya kwenda. Viwanja vingi vya ndani havikubali marisau, vingine havikubali bunduki zisizo na kitako, na karibu vyote vinakataza kupiga kutoka kiunoni. Uwanja wa nje ni bora zaidi kwa mafunzo haya.

Onyo la risasi zisizofanana. Usiweke risasi za geji 20 na geji 12 kwenye mfuko mmoja, hata siku moja. Ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza mbele na kukwama. Chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, inaonekana tupu, unaweka ya geji 12 nyuma yake, unapiga, na mtutu unapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu, kisha hakikisha tena

Elekeza mdomo wa mtutu upande salama. Kidole kiwe nje ya kifyatulio, kimelala ubavuni mwa bunduki. Weka kufuli ya usalama. Bonyeza kitufe cha kuachia pampu (ile sehemu ya mbele inayotelezeshwa nyuma na mbele), vuta pampu nyuma kabisa, halafu tazama chemba na uingize kidole uihisi. Fanya hivyohivyo kwenye mlango wa bomba la risasi.

Vitufe vyenyewe havikai mahali pamoja. Kwenye Mossberg kufuli iko juu, mgongoni mwa bunduki, chini ya dole gumba. Ukiisukuma mbele nukta nyekundu inaonekana, maana yake bunduki iko tayari kupiga. Kitufe cha kuachia pampu kiko nyuma ya kifyatulio. Kwenye Remington kufuli ni kitufe kinachopita upande hadi upande nyuma ya kifyatulio, na cha kuachia pampu kiko mbele yake.

Umefaulu kama: unaweza kugusa vitufe vyote viwili bila kuvitazama, na kila unapopokea bunduki kutoka mkono wa mtu mwingine unakagua chemba bila kukumbushwa.

## Hatua ya 2: Elewa teke linakwenda wapi

Usiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu kinachofuata.

Shockwave ina uzito wa takriban kilo 2.4. Shotigani ya kawaida ya pampu yenye kitako ina kilo 3.2 au zaidi. Kwa risasi ileile, nishati ya teke hupanda kadiri uzito wa bunduki unavyoshuka, kwa hiyo hapa unapokea karibu theluthi moja zaidi. Halafu bega, ambalo lingebeba sehemu kubwa ya mzigo huo, halipo. Kila kitu kinaishia kwenye viganja, vifundo na viwiko.

Teke lenyewe linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: linasukuma bunduki nyuma, na linainua mdomo wa mtutu juu. Anayekaza mkono wa nyuma peke yake anazuia nusu ya tatizo. Bunduki inazunguka juu ya kifundo chake, mpini unarudi usoni, na hapo ndipo meno yanapopatikana na madhara.

Mpini wa bunduki hizi umepinda kwa mteremko, haukusimama wima kama wa bastola. Umetengenezwa hivyo makusudi. Teke likija, mpini unapanda kidogo ndani ya kiganja badala ya kukigonga kifundo moja kwa moja. Ndiyo maana sishauri mtu abadilishe mpini huo kwa ule wa wima. Hata ukiwa ndani ya sheria, kifundo chako kitalalamika kabla boksi halijaisha.

## Hatua ya 3: Miguu na mwili

Simama miguu ikiwa upana wa mabega, mguu wa kushoto mbele nusu hatua kama unatumia mkono wa kulia. Kunja magoti kidogo. Uegemee mbele, uzito ukae kwenye vidole vya miguu, mabega yawe mbele ya nyonga.

Wengi hufanya kinyume bila kujua. Wanaogopa teke, kwa hiyo wanajivuta nyuma. Mwili uliolala nyuma hauna cha kuzuilia. Teke linausukuma pale unapokwenda tayari.

Umefaulu kama: mwenzako akikusukuma kidogo kifuani kwa kiganja, bunduki ikiwa mezani, hurudi nyuma hata hatua moja.

## Hatua ya 4: Mikono

*Mkono wa nyuma.* Shika mpini juu kabisa, ule uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ubanwe vizuri kwenye mpindo. Dole gumba lizunguke mpini. Kwenye Mossberg watu wengi hutoa kufuli kwa dole gumba kisha wakaliacha palepale mgongoni mwa bunduki. Likiwa hapo halishiki chochote, na teke likija linakwaruzwa au kutenguka. Ukishatoa kufuli, lirudishe ubavuni.

*Mkono wa mbele.* Huu ndio mkono unaofanya kazi kubwa na ndio unaohatarika zaidi. Mtutu ni mfupi, mdomo wake uko sentimita chache tu mbele ya pampu. Mkono ukiteleza mbele wakati wa kusukuma pampu, vidole viko mbele ya risasi. Shockwave huja na mkanda kwenye pampu kwa sababu hiyo. Pitisha mkono ndani yake, uukaze hadi mgongo wa kiganja uuguse mkanda, lakini uweze kuuchomoa mkono bila kupigana nao. Mkanda uliolegea ni pambo tu.

Usinyooshe kidole chochote kuelekea mdomo wa mtutu. Vidole vyote vinne viizunguke pampu.

## Hatua ya 5: Sukuma na vuta

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka.

Inua bunduki hadi usawa wa macho, mbele ya uso wako. Kati ya pua yako na mwisho wa mpini pawe na nafasi isiyopungua shibiri moja kamili. Pima kweli, usikisie. Viwiko vyote viwili vimekunjwa kidogo na vinatazama chini, si pembeni.

Sasa mkono wa mbele usukume pampu kuelekea shabaha, na mkono wa nyuma uvute mpini kuelekea kwako, kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, kama unavyoinyoosha kamba ya kuanikia nguo kabla ya kuifunga. Bunduki haiendi popote, lakini iko katikati ya nguvu mbili. Unapaswa kuuhisi mkazo mgongoni, kati ya mabega.

Kwa nini inafanya kazi? Mkono unaosukuma mbele unapambana na bunduki inayorudi nyuma, na kwa kuwa uko karibu na mdomo wa mtutu, unauzuia pia usipande. Mkono wa nyuma unaishikilia bunduki mahali pake ili isikuponyoke. Viwiko vilivyokunjwa vinakuwa springi. Vikinyooka kabisa, teke linapita moja kwa moja hadi kwenye viungo.

Tazama juu ya mgongo wa bunduki hadi kwenye ule ushanga mdogo wa shaba mbele. Huo ndio wa kulengea. Uso usiisogelee bunduki, wala shavu lisilazwe juu yake hata kidogo. Aliyezoea bunduki yenye kitako hulaza shavu bila kufikiri, na hiyo ndiyo sababu nambari moja ya midomo iliyopasuka.

Na kiunoni? Kutoka kiunoni huoni unacholenga, na mkono wa mbele unakosa pembe ya kusukuma. Mtutu unapanda, marisau yanapita juu ya shabaha na pengine juu ya tuta la usalama. Hakuna sababu ya kujifunza jambo litakalokufukuzisha uwanjani.

Umefaulu kama: ukiwa na bunduki tupu unaweza kushikilia mvutano huo kwa sekunde kumi bila ushanga kuyumba, na mwenzako akiusukuma mtutu juu kwa kidole, akiwa amesimama ubavuni, hauinuki kirahisi.

## Hatua ya 6: Mazoezi makavu nyumbani

Ondoa risasi zote halisi chumbani, zipeleke chumba kingine na ufunge mlango. Kisha jaza risasi bandia.

Inua bunduki, weka mvutano, toa kufuli, vuta kifyatulio polepole. Sasa koki. Vuta pampu nyuma mpaka mwisho, isukume mbele mpaka mwisho, kwa nguvu. Pampu haiharibiki kwa kukokiwa kwa nguvu. Inakwama kwa kukokiwa kwa woga. Ukiivuta nusu, ganda halitoki, au risasi mpya haipandi, na unabaki na bunduki iliyofungana.

Jambo la kuzingatia: unapovuta pampu nyuma, mvutano unavunjika kwa kitambo. Pampu ikifika mbele, usikimbilie kifyatulio. Rudisha mvutano kwanza. Risasi ya kwanza karibu kila mtu huipiga vizuri, lakini ya pili hupigwa kwa mikono iliyolegea, na ndiyo inayoumiza. Jizoeze kusema moyoni: koki, kaza, lenga, vuta.

Umefaulu kama: risasi bandia zote tano zinatoka moja baada ya nyingine bila kukwama, na mdomo wa mtutu hauondoki kwenye alama uliyoiweka ukutani.

## Hatua ya 7: Risasi moja tu

Uwanjani, anza na shabaha iliyo yadi 7. Risasi nyepesi, na uweke moja tu. Fungua pampu, idondoshe kwenye chemba kupitia dirisha la kutolea maganda, funga.

Sababu ya kuweka moja ni rahisi. Likikushtua teke ukakoki na kuvuta tena kifyatulio bila kukusudia, au bunduki ikakuponyoka, hakuna risasi ya pili inayosubiri.

Simama, egemea, sukuma na vuta, lenga, vuta kifyatulio. Baada ya mshindo, usilegeze. Baki ulivyo kwa pumzi moja nzima, halafu ujiulize: mtutu ulipanda kiasi gani? Mkono upi ulilegea? Macho niliyafumba? Rudia hivyo, moja moja, angalau mara kumi, ukipumzika katikati.

Umefaulu kama: mtutu unapanda kidogo na kurudi wenyewe mahali pake, matundu yamekusanyika katikati ya karatasi, na hujasogeza mguu. Kama marisau yanapiga chini ya alama, unaisukuma bunduki chini kabla ya mshindo kwa kuogopa teke. Rudi kwenye risasi bandia.

## Hatua ya 8: Risasi mbili, kisha tatu

Jaza mbili. Piga, koki, kaza, lenga, piga. Usihesabu muda. Kasi huja yenyewe mikono ikishazoea, na hakuna unachopoteza ukichukua sekunde tatu kati ya risasi na risasi.

Kifyatulio kikibonyea na bunduki isilie, usifungue pampu. Mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa nusu dakika hadi dakika nzima, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ikilia kwa sauti dhaifu, ya kufifia, simama hapohapo: toa risasi zote na uchungulie mtutu kutoka upande wa chemba. Kukiwa na kitu kimebaki ndani na ukapiga nyingine, utaupasua.

## Hatua ya 9: Pima mtawanyiko

Mtutu huu hauna kibano mdomoni (sehemu iliyobanwa ili marisau yasitawanyike upesi), kwa hiyo marisau yanatawanyika mapema. Wapigaji wa Marekani hukadiria inchi moja kwa kila yadi, lakini hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Bunduki na risasi kila moja ina tabia yake. Zipo za marisau makubwa zenye kikombe maalumu cha plastiki kinachoyashikilia pamoja kwa umbali mrefu zaidi, kama zile za Federal ziitwazo FliteControl.

Weka karatasi mpya kwa yadi 5, 10 na 15. Piga moja kwa kila karatasi, andika umbali na aina ya risasi, pima kutoka tundu la mbali zaidi hadi la upande wa pili. Zitunze karatasi hizo. Pale ambapo marisau yanaanza kutoka nje ya ukubwa wa sahani ya kulia chakula, huo ndio mwisho wa bunduki yako na risasi hiyo, maana kila risau linalopita pembeni linakwenda mahali, na wewe ndiye unayewajibika nalo.

## Hatua ya 10: Kupandisha uzito wa risasi

Panda pale tu risasi nyepesi zinapokuwa hazikushtui tena. Ngazi inayofuata ni 00 za teke lililopunguzwa, zinazotoka kwa kasi ya futi 1,145 hivi kwa sekunde, badala ya 1,325 za kawaida. Tofauti hiyo utaihisi mkononi waziwazi.

Za inchi 3 ziache. Chemba inazikubali, ndiyo, lakini sijaona kazi ambayo zinaifanya kwenye bunduki ya kilo 2.4 ambayo nyepesi haiifanyi. Zile za risasi moja nzito ya wakia moja nazo ni hivyohivyo. Kuna pia fupi za inchi 1 na robo tatu, ambazo teke lake ni la kupendeza, ila kwenye Shockwave ya kawaida hupinduka ndani na kukwama isipokuwa umeweka kipande cha mpira kinachouzwa kwa ajili hiyo.

Kama vifundo vyako vina tatizo la zamani, nunua ya geji 20 au ya .410, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Mossberg inazitengeneza zote mbili kwa umbo hilohilo. Na kama unanunua bunduki moja tu ya kulinda nyumba, maoni yangu ni kwamba yenye kitako na mtutu wa inchi 18 na nusu utaipiga kwa usahihi mara nyingi zaidi, na mwenzi wako ataweza kuitumia pia. Fupi hii ni ya mtu aliye tayari kufanya mazoezi.

## Hatua ya 11: Kumaliza

Toa risasi zote kabla ya kuondoka kwenye mstari, pampu iwe wazi, chemba ikaguliwe na mwenzako. Nyumbani, safisha mtutu kwa burashi na mafuta ya bunduki, futa reli za pampu, kisha kagua skrubu za mkanda wa mbele, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto; vumbi la risasi lina madini ya risasi.

Kifundo kikiuma siku ya pili, pumzika hadi maumivu yaishe kabisa. Ganzi kwenye vidole ni jambo la daktari.

Bunduki iingie sefuni ikiwa tupu, kufuli ya waya ipite kwenye dirisha la maganda, na risasi zikae kwenye sanduku lingine lenye ufunguo wake. Urefu wake unaifanya iwe rahisi kwa mtoto kuibeba na kuigeuza ikamtazama mwenyewe, kwa hiyo juu ya kabati au chini ya kitanda si mahali pake.